Pichi ya Fainali

3 Machi

Kaka, shikamoo,

Natumaini mgongo umepoa na shemeji hajambo. Mimi mzima, ila sisi wenye majukumu makubwa usingizi hatuujui.

Umesikia fainali inachezwa kwenye kiwanja unachokitunza. Nikishinda, ni kombe la nne, na hakuna kocha wa timu ya taifa ya kriketi aliyewahi kufika hapo. Kwa hiyo nakupa maelekezo mapema. Kuanzia Jumatatu usimwagilie pichi. Huo ukanda wa katikati nataka uwe mkavu, wenye nyufa, ili wazungushaji wangu wakirusha, mpira ukidunda upinde na wageni wasijue unakwenda wapi. Ni kazi ya mpira wa maji tu, haihitaji kuumiza kichwa. Usimwambie mtu.

Mdogo wako, Kocha

7 Machi

Mdogo wangu, marahaba,

Mgongo unauma kama kawaida. Shemeji yako anakusalimu, ingawa nilimwambia asijisumbue.

Barua yako nimeisomea juu ya rola la kushindilia udongo, nikacheka mpaka fundi bomba wa hapa kiwanjani akaja kuuliza kama niko salama. Maelekezo! Miaka kumi na moja unanipigia simu asubuhi ya mechi: "Kaka, pichi ikoje?" Mimi napiga magoti, nabonyeza udongo kwa kidole gumba, nakwambia nani acheze na nani akae benchi. Makombe yote matatu umeyachukulia hapa hapa. Kisha unakwenda kwenye televisheni, miwani utosini, unasema una kipaji cha kusoma pichi. Unasoma nini wewe? Hujawahi hata kuinama, suruali isije ikaingia vumbi.

Pichi ni ya timu zote mbili. Itapata maji yake kama siku zote.

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Za huko. Naona umesahau unaongea na nani. Mimi na mwenyekiti wa chama cha kriketi tunakula meza moja. Neno langu moja tu, na hilo rola litasukumwa na mtu mwingine. Kubonyeza udongo hata bata anaweza. Simu sipigi tena, nina macho yangu. Fanya nilivyosema.

Kocha

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sikuiona. Pole kwa kipigo.

Nilikuwa mlangoni mwa kibanda cha mashine ulipokuja kukagua pichi kabla ya sarafu kurushwa. Ulisimama pembeni, mikono mfukoni, ukaona nyasi zimegeuka rangi, ukatabasamu. Ukadhani nimekuogopa, nimeacha kumwagilia! Zile nyasi zilibabuliwa na jua tu, chini udongo umeshiba maji. Ungeugusa, kidole kingelowa. Ukapanga wazungushaji watatu, warushaji wa kasi ukawaacha benchi, halafu nahodha wako aliposhinda sarafu ukamwambia achague kupiga kwanza. Wageni wakarusha kwa kasi, mpira ukaruka hovyo, na vijana wako wote wakawa wametolewa kabla ya chakula cha mchana. Niliona aibu, nikaingia ndani.

Simu yangu ilikuwa mfukoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Pamoja na matusi yako yote, ungeniuliza ningekujibu.

Kaka yako

28 Machi

Kaka, shikamoo,

Natumaini nyote wazima. Nimewaambia waandishi wa habari kwamba mtunza kiwanja aliihujumu timu ya taifa. Ilibidi. Kamati ya chama imenielewa na imeniongezea mkataba wa miaka miwili. Wewe utaletewa barua yako wiki hii, ipokee kwa utulivu. Sikusema kwamba wewe ni ndugu yangu, kwa hiyo heshima yako nimeilinda.

Mdogo wako akupendaye

2 Aprili

Kocha,

Barua ya kufukuzwa nimeipata, funguo nimekabidhi. Kazi amepewa yule fundi bomba, na nimemwonyesha namna ya kubonyeza. Aliniuliza, kocha wa taifa akimpigia simu asubuhi ya mechi amjibu nini. Nimemwambia amweleze ukweli, maana mtu yule peke yake hawezi kuisoma pichi.

Kuhusu undugu, ulifanya vizuri kutoutaja. Endelea hivyo hivyo.

Aliyekuwa Mtunza Kiwanja