Uso wa Baharia Kwenye Shaba ya Papa Désiré

Ni mwaka mmoja sasa, Papa Désiré Mulenga, tangu nyundo yako inyamaze uani kwetu Kampemba. Jirani aliyezoea kulalamikia kelele zako anasema siku hizi usingizi haumjii.

Ulikuwa mpole, na mkaidi vilevile. Wateja walitaka mabamba ya shaba yenye wanawake na mitungi, ukawapigia. Lakini walipoulizia bamba lililoning'inia sebuleni, lenye frigeti, manowari ya Waingereza, na baharia akiinama ukingoni, uliwajibu, "Ile hapana ya kuuzisha," kisha ukawaletea kiti na chai.

Frigeti hiyo aliijua baba yako, babu Ngosa, aliyekuwa muuguzi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilisindikiza msafara wa meli za askari. Nyambizi ilipoizamisha meli ya babu, frigeti ilirudi kuokota watu, adui akiwa bado chini ya maji. Baharia mmoja akainama, akamshika mkono. Jina lake babu hakulipata. Alibaki na uso wake tu, akakusimulia tangu ukiwa mdogo: shavu lenye kovu, macho ya mtu ambaye hajalala. Ukapiga bamba moja, ukaliacha, ukaanza jingine, miaka na miaka, hadi babu akiwa mgonjwa kitandani alipolishika la mwisho. "Ni ye," akasema. "Ule njo alinikamata mukono."

Tulipokuzika tulitaka ulale na kazi yako. Tukaligongomea bamba lile la sebuleni juu ya kaburi, shaba tupu, katika mji ambao hata waya wa umeme hausalimiki. Wiki haikuisha, wezi wakaling'oa. Bila shaka limekwisha yeyushwa. Tulipiga picha kwa simu siku ya mazishi, lakini jua liliimulika shaba, na pale penye uso pana mwanga mtupu.

Tunajuta, Papa. Tulipita mbele ya uso ule kila siku tukienda mezani, hatukuutazama. Dédé, mwanao, amejaribu kuupiga upya. Mama Hortense, mkeo, aliliangalia bamba lake kwa muda mrefu, akamrudishia.

"Uyu haiko ye," alisema, akaingia ndani.

Sura yako tunayo, Papa. Ya mtu aliyemwokoa babu, nawe ukapata kuzaliwa, hatunayo tena.

Wanaokukumbuka: mkeo Hortense, wanao Dédé, Mapalo na Kiki, dada yako Madeleine, na wajukuu wote. Tutakukumbuka daima, wewe na yule ambaye hata tukikutana naye huko uliko, itabidi utuonyeshe.