Mama Mkwe Aikagua Mbizi
Kizwite, Alhamisi

Kutwa nzima nimepigwa na upepo, halafu naulizwa habari za maharage.

Nilikuwa kilimani tangu asubuhi kuichora milima ya Mbizi, turubai la picha nimelifunga kwa kamba kwenye jiwe lisipeperuke. Kesho nalipeleka boma. Bwana Shauri, ofisa wa pale, anataka milima yetu ukutani kwake, na akiikataa picha narudi kupaka rangi milango ya maduka kule Majengo. Naogopa sana.

Nilifika nyumbani na furaha yangu, nikamwonyesha mama mkwe.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Shamba la nani hili, baba?"

"Ni milima, mama. Ni Mbizi."

"Hizi ni ntumba," akasema. "Matuta mazuri ya mviringo, nyasi zimefukiwa vizuri. Ila umeyabananisha. Maharage utapanda wapi?"

Mke wangu akatoka nje kucheka. Mimi siwezi kubishana na mkwe, nikasema asante mama, nitayaachanisha.

Jioni nimetoka kuitazama milima yenyewe, angalau nipate moyo wa kesho. Nimesimama pale mpaka jua likazama.

Kweli imebanana.