Mpagazi Asiyerukwa

Joubert Park, Johannesburg
Jumapili baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza najua umeiitikia huku umenuna. Goti linasemaje? Kuku wa Tabia bado wanapanda kitandani kwako? Mimi mwanao sijambo kabisa, nimenenepa, shingo imeanza kuweka mikunjo kama ya mbunge.

Sasa kaa vizuri. Tabia, dada yangu, msomee mama polepole, usiruke maneno. Mama, nyota ya mwanao imewaka! Katika watu wote waliojazana mji huu, bahati imepita milango ya wenzangu ikaja kugonga wangu. Nimeingia kwenye filamu. Tena filamu ya Wazungu wenyewe, kamera kubwa kama jokofu. Na sikuwekwa nyuma nyuma huko. Mimi ndiye kirangozi, mtu wa mbele kabisa wa msafara, mshika bendera, Mzungu mwenyewe ananifuata kama mkia. Nina kiti kimeandikwa jina langu. Kazi ya kulinda magari ya watu kule Marshalltown nimewaachia wenye shida.

Barua hii anakuletea Saida, yule muuza vitenge, anarudi nyumbani kwa basi. Nimeandika kwa sababu simu yako unaifungulia sauti mpaka muuza mihogo wa kona anachangia mazungumzo, na swali lako si la kujibiwa mbele ya muuza mihogo. Tangu Mussa wa jirani afie huku, akalala chumba cha maiti mpaka manispaa wakamzika bila hata mtu mmoja wa kumwita jina, wewe umeshika neno moja tu: Yasini, ukifa huko nani atakuosha? Tabia amenong'oneza kwamba huli vizuri wala hulali, na kwamba umeapa: kama sina jibu la kweli nirudi Tanga, hata nikauze maji. Nitajibu, mama. Ila niache nipite njia yangu, unanijua.

Filamu ni ya wale wavumbuzi wa Kizungu tuliofundishwa shuleni, waliotoka kwao Ulaya wakaja kuvumbua maziwa ambayo watu walikuwa wanafulia nguo. Mimi si niliacha shule darasa la sita? Mvumbuzi wetu nilimwacha bado yuko njiani, sikujua hata kama alifika. Basi wenye filamu walitaka wapagazi wanaosema Kiswahili, kama misafara ya zamani. Wakaja hapa Joubert Park wakatukuta tele: sisi wa Tanga, wa Unguja, Wakongo, Warundi, kila mmoja na Kiswahili chake, kila mmoja anaamini cha mwenzake kimevunjika mguu. Wakatupeleka kwa basi hadi shamba moja nje ya mji, wakatuvua suruali, wakatufunga shuka, wakatutwika masanduku. Masanduku matupu, mama, na bado Luqman ninayeishi naye chumba kimoja alilia shingo.

Mvumbuzi alikuwa mwigizaji mzee kutoka kwao huko, mwekundu kama pilipili iliyoiva, panzi akimrukia anapiga yowe. Lakini ana roho nzuri. Alitugawia mafuta yake ya kuzuia jua. Sisi! Tukajipaka kwa heshima.

Sasa sikiliza. Kuna mahali mpagazi mmoja anakufa kwa homa njiani. Mwongozaji wa filamu, mama wa Kibelgiji mwenye sauti kama filimbi, alitueleza kupitia mkalimani kwamba jamaa akianguka, mwenzake achukue mzigo wake, wote wamruke, msafara uendelee. Alisema ndivyo mvumbuzi alivyoandika katika kitabu chake. Sawa. Akachaguliwa mtu wa kufa, akajilaza kwenye majani. Msafara ukaja. Luqman kufika kwa maiti, akazunguka. Mwongozaji akasimamisha kazi. Tukarudia, safari hii na wa nyuma yake akazunguka, na wa nyuma ya huyo, mpaka msafara mzima ukawa unakata kona pale kama magari yanakwepa shimo. Mwongozaji akauliza kwa upole, jamani, kuruka hamjui?

Akajibu Évariste. Huyo ni fundi cherehani wa Bukavu, anashonea chini ya jengo letu, mtu mkimya sana. Ukimsikia anaongea, ujue kuna jambo. Akasema kwa Kiswahili chao: "Mama, shiye hatuwezi ruka mutu mwenye alikufa. Hata kama anakufa ya mchezo."

Mwongozaji akaanza tena habari za kitabu. Évariste akamuuliza huyo aliyekiandika alikuwa anatembea mbele ya wapagazi au nyuma yao. Akaambiwa mbele, juu ya punda. Évariste akasema basi labda hakugeuka.

Yule mama akakunja karatasi zake. Kisha akasema haya, fanyeni mnavyofanya, kamera ziende.

Mama, watu walisahau filamu. Bendera ikalazwa chini. Évariste akavua shuka lake la begani, linanuka mafuta ya cherehani, akamfunika maiti. Khatibu wa Unguja akaanza dua, Wakongo nao wakashusha wimbo wa kanisani, na hapo hapo ukazuka ubishi: marehemu ni wa msikiti au wa kanisa? Khatibu akasema huyu wetu. Wakongo wakasema wenu mzikeni kwenu, sisi kuimba hatuachi. Wakamnyanyua mabegani. Hatua mbili tatu, huyu anaingia, yule anatoka, mwingine anapokea, kama tunavyopokezana jeneza kwetu toka nyumbani mpaka makaburini. Hata yule mvumbuzi mzee akateremka kwenye punda, akavua kofia, akaja kuweka bega, na hakuna aliyemwambia. Kwa urefu wake maiti akainama upande, nusura amwagike.

Walipomteremsha, shida ikawa kibla. Kila mtu ananyoosha mkono kwake. Ndipo Luqman, mpagazi wa enzi za mababu, alipopenyeza mkono ndani ya shuka akatoa simu kutafuta kibla! Mwongozaji akajishika kichwa. Eish, tulicheka! Lakini kibla kikapatikana, maiti akageuzwa ubavu wa kulia, kichwa kimeshikwa kama cha mtoto mchanga. Évariste akapiga goti, akamsogelea sikioni, akasema chini chini, si kwa ajili ya kamera: "Lala, ndugu. Mama yako, shiye tutamwambia."

Maiti akalia. Machozi yakamtoka huku macho ameyafumba.

Najua utauliza: wewe uliyekuwa mbele na bendera, uliyasikiaje maneno ya sikioni mwa mtu? Ulijuaje kwamba shuka la Évariste linanuka mafuta ya cherehani?

Mama, maiti nilikuwa mimi.

Nilijilaza pale nikicheka moyoni. Nilipofunikwa uso nikamkumbuka Mussa, kicheko kikakata. Nikaogopa, sikufichi. Halafu nikasikia mikono chini ya mgongo wangu, na mingine, na mingine, mpaka sikujua ipi ya nani. Hakuna aliyeniacha nikagusa chini.

Kwenye basi la kurudi hakuna aliyetania, hata mimi. Luqman ndiye aliyeniomba namba yako ya simu. Kisha Khatibu, kisha Évariste. Wamesema watakupigia mara moja moja kukusalimia tu, ili ikitokea siku ya kukuambia neno zito, sauti zao zisiwe ngeni kwako. Kwa hiyo namba ya huku usiyoijua ikilia, pokea. Huyo Mkongo atakuita mama. Mwitikie, wa kwake alikwisha fariki.

Basi jibu ndilo hilo. Wataniosha Khatibu na Luqman. Évariste amesema kitambaa ni juu yake. Nimemwambia asiharakishe, amalize kwanza nguo za walio hai. Kula, mama, na ulale. Nyumbani nitakuja Mungu akifungua njia, lakini nije kwa kukutamani, si kwa kuogopa.

Nisalimie wote wa uani, na kuku pia, waambie kitanda ni cha mama. Muuza mihogo msalimie, ila asisomewe.

Jambo la mwisho. Bendera alishika Évariste, mimi hata kamba yake sikuigusa. Kiti chenye jina langu hakuna. Kesho alfajiri naamkia Marshalltown kulinda magari kama siku zote. Ile bahati niliyokuanzia nayo ni uongo.

Mwanao,
Yasini