Maji Mlangoni

Mtaa wa Ramadhani, Njombe
Julai

Mdogo wangu Nikodemo,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Makambako, wewe na viazi vyako vya biashara, na kwamba mama anapata japo usingizi. Mimi mwili mzima, ila moyo hauko sawa. Baridi ya huku unaijua, nguo zinakauka zikijisikia.

Uliponipigia ukasema nirudi kwa kuwa kumwogesha mama ni kazi ya mtoto wa kike, nilikata simu. Mtandao haukusumbua, nilikasirika. Afadhali niandike, maana kwenye barua huwezi kunikatiza. Nampa Yusto wa basi akufikishie leo hii.

Bibi Dorika, yule mzee niliyekuwa namtunza, tumemzika juzi. Nalia hata sasa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani na kumkata kucha, naye akinitania kwa Kibena kwamba sisi Wakinga tunabania hata unga wa uji.

Jumapili alinituma kanisani na kapu la mahindi, sadaka yake ya mavuno. Alibaki na mwanawe, Baba Jasmine, ambaye ndiye bosi wangu. Mkewe na binti yao walikuwa wamesafiri. Niliporudi nilimkuta bibi sakafuni, kichwa kimegonga ukingo wa mlango wa bafu, na Baba Jasmine anahangaika kutafuta gari. Alifia njiani.

Kwenye msiba swali lilikuwa moja tu: dada wa kazi alikuwa wapi? Shangazi zao walisema wasichana wa siku hizi miguu yao haitulii nyumbani. Hakuna aliyeuliza alikokuwa mwanawe, naye alikuwa kwenye kiti cha mbele akipokea pole. Watoto na wajukuu walipoitwa kuweka udongo kaburini, mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wafiwa. Wimbo wa mwisho niliusikilizia huko huko, mwiko mkononi. Iliniuma sana, Niko.

Jana nikiwa nafunga mzigo wangu, Baba Jasmine alikuja jikoni. Mtu mzima, mwenye ofisi yake, alilia mbele yangu kama mtoto. Aliniambia kwamba Jumapili ile mama yake alijichafua akamwita. Yeye alichemsha maji, akayafikisha mlangoni mwa chumba cha bibi, akasimama nayo hapo hapo, kwa sababu mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake. Alikuwa ananisubiri mimi. Bibi aliita mpaka akachoka, kisha akainuka mwenyewe kwenda bafuni. Baba Jasmine aliniomba nisimwambie mtu. Nimekuambia wewe, kwa sababu nakuogopea.

Elina jirani ameniambia kwamba asubuhi unakaa nje na viazi vyako hadi yeye apite ambadilishe mama nguo. Siku asipopita, mama anashinda na unyevu wake. Sikulaumu kwa mwiko, sote tumelelewa nao. Lakini mama alituogesha wote wawili katika beseni moja, wala hakuchagua wa kike na wa kiume.

Nitafika Jumamosi, nimekwisha kuaga. Ila mama hawezi kungoja Jumamosi. Ukiona haya, mfunike khanga, tazama ukutani, pitisha kitambaa kwa chini. Atakukemea mwanzoni, mwache akemee.

Msalimie Elina. Na salamu zangu kwa mama, usimpe ukiwa umesimama mlangoni.

Dada yako akupendaye,
Dorkasi