Mwaka Ambao Ba Hakusherehekea Diwali

Mpendwa mke wangu, Mama Sharon,

Juzi ilikuwa Diwali. Tangu siku hiyo kila nikishika randa najikuta nimesimama tu, ubao mbele yangu, na Sharon ananiuliza kama naumwa. Siumwi. Kuna neno nilipaswa kukwambia ukiwa hai, na sikulisema.

Unakumbuka mwaka ule ulipoileta Diwali kwetu Kawangware? Ulikuwa na miezi michache tu ukimpikia Ba kule Westlands. Ba, ndivyo wanawe walivyomwita yule mama mjane wa Kihindi, nawe ukamwita hivyo hivyo. Alikupa vitaa vya udongo, vile vya kutia mafuta na utambi wa pamba, ukavipanga kwenye koridoo ya ploti, mlango hadi mlango. Chini ukachora ua kwa unga wa mahindi uliouchanganya na chaki za rangi. Kabla hujamaliza, kuku wa Mama Njeri walishadonoa nusu yake. Ulicheka hadi ukakaa chini. Mwenye ploti akaja mbio akidhani mabati yanaungua. Ukampa ladu moja, ile tamutamu ya mviringo ya Kihindi, akaila akiwa amesimama, kisha akauliza kama kuna ingine.

Baada ya hapo watoto wa ploti waliiita Siku ya Mama Sharon. Kila mwaka walikuja wameoga. Hata yule fundi viatu wa nyumba ya mwisho, ambaye hakusalimia mtu, alitoa kiti chake nje akala chevda yako, zile bisi na njugu za pilipili, kimya kimya. Mwaka wa pili nilikuuliza, "Sisi ni watu wa kanisa. Hii Diwali inatuhusu nini?"

Ukanijibu, "Krismasi Ba alikuja hapa akakalia ndoo, akala chapo na maharagwe na sisi. Alituuliza inamhusu nini?"

Nikaenda kukuletea kibiriti.

Kisha nikachaguliwa mzee wa kanisa. Unajua nilivyoitaka heshima ile, mimi niliyetoka Vihiga na msumeno na nyundo tu. Jumapili moja, baada ya ibada, mtu mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mke wa mzee anawasha taa za miungu. Wengine wakacheka kidogo. Hicho kicheko nilikibeba hadi siku ya Diwali. Nikatoka kazini nikakukuta umechuchumaa na watoto, vitaa vyote vinawaka. Nikachukua ile beseni ya maji ya kufulia iliyokuwa mlangoni, nikamwaga kwenye kimoja, nikaenda kwa cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho wa koridoo. Sharon alinitazama kama mtu asiyenijua.

Wewe hukugomba. Ulisema tu, "Baba Sharon, ungeniambia ningezima mwenyewe."

Ukaokota vile vitaa vikiwa vimelowa, ukavifunga kwenye leso, na hatukuzungumza habari hiyo tena. Nilidhani yameisha. Mwaka mpya ukaanza, miguu yako ikaanza kuvimba, daktari akasema ni figo. Kufikia mvua za Aprili tulikuwa tunakutana kwenye ploti kupanga safari ya kukurudisha Vihiga kukuzika.

Ba alikuja kwenye matanga. Sijawahi kukusimulia hili. Alikuja amevaa sari nyeupe, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka na akina mama wa kwetu. Mkononi alikuwa na sufuria ya mchele uliopikwa na dengu. Mama Njeri akaninong'oneza, "Huyu Mhindi ni nani yenu?" Nikamwambia ni mwajiri wako. Nilijibu hivyo, mwajiri.

Tulihama baadaye. Koridoo ile ilinishinda. Sasa tuko Kambi Muru, hapa Kibera, nyumba moja na banda mbele ninapotengeneza vitanda. Sharon amekuwa mrefu, anapika kama wewe, chumvi anaipima kwa jicho. Juzi mchana ndiye aliyeniambia, "Baba, leo ni Diwali. Ba atakuwa peke yake. Twende."

Watoto wa Ba wako ng'ambo, unajua. Nilikubali, lakini nilikuwa na yangu moyoni. Nilidhani uliwahi kumwambia kuhusu ile beseni, na nilitaka kumwomba radhi.

Tulifika giza likiingia. Mtaa wote wa Ba ulikuwa unang'aa, mataa kwenye madirisha, fataki zinapasuka, watoto wamevaa nguo mpya. Nyumba yake ilikuwa giza. Hakuna ua la unga mlangoni, hakuna kitaa hata kimoja. Nilidhani amesafiri. Sharon akabisha, Ba akafungua mwenyewe, amevaa ile sari nyeupe ya matanga. Mezani palikuwa na sahani za vitamu zilizofunikwa vitambaa, zote zimeletwa na majirani.

Nikamuuliza, "Ba, mbona hukuwasha?"

Akanijibu kwa kile Kiswahili chake ulichokuwa ukikiigiza ukipika, "Hii mwaka hapana Diwali hapa. Kwetu, mtu ya nyumba kama nakufa, ile mwaka sisi hapana sherehe. Jirani naleta chakula tamu, sisi hapana pika."

Nikamuuliza ni nani wa nyumba yake amefariki.

Akasema, "Rose."

Mama Sharon, alikutaja wewe. Miezi yote hiyo nilikuwa naenda kanisani na suti yangu, watu wananipa pole, na mwanamke mzee wa dini nyingine alikuwa akikuombolezea nyumbani kwake. Nikamweleza yote, beseni, maji, watoto. Kumbe hakujua. Akasema ulimwambia kwamba mumeo sasa ana kazi kubwa ya kanisa, kwa hivyo utawasha taa kwa Ba tu ili usinisumbue. Ulinifichia aibu yangu hata huko.

Nikamwomba msamaha. Ba akatikisa kichwa, akasema, "Mimi hapana mwenyewe ya hii neno. Ambia yeye."

Sharon alikuwa ameketi karibu naye, amemshika mkono. Alilia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilitaka kumkumbatia, lakini alimwegemea Ba, na nikaona ni haki yake.

Basi nakwambia. Niliwaonea haya watu waliocheka kwa dakika moja, nikakuaibisha wewe uliyekula umaskini nami miaka kumi na sita. Taa zile hazikuniudhi hata siku moja. Nilizipenda. Nilipenda jinsi uso wako ulivyokuwa ukiwa umeziinamia, na sikukwambia hilo pia.

Nisamehe, kama huko mnasamehe watu waliochelewa.

Lala salama, Rose.

Mumeo,
Baba Sharon