Sufuria Iliyokutwa kwa Bukuru

Jumatatu, 3 Novemba
Suruali mbili, kanzu moja ya kupunguza. Upande wa pili wa baraza Bukuru anashona magauni, wanawake wamepanga foleni. Mkimbizi wa Burundi, hana kibali, na kola anazijua kuliko mimi. Naandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Vidole vya mke wangu Zaina vimevimba tena. Anafungwa kanga na mama yake, aliyekuja kutoka Manyovu, mpakani, kumuuguza.

Jumatano, 5
Kamanda wa mgambo kaleta kombati nitie kiraka. Amri imetoka: wakimbizi wote warudi kambini. Kauliza kama namjua yeyote. Nilinyoosha mkasi tu, upande wa pili wa baraza. Kiungwana kabisa.

Alhamisi, 6
Bukuru kapakiwa kwenye lori. Wateja wake wamehamia kwangu. Sikufurahi kama nilivyopanga.

Walivunja mlango wa chumba chake. Ndani wakakuta sufuria ya mama mkwe. Kila Ijumaa humpelekea ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Anadai mwanamume asiye na mke atakufa kwa chai na mkate. Wameondoka nayo.

Jumamosi, 8
Hospitali. Daktari ni Mchaga, kaletwa huku kikazi, mpole. Anasema mwili una askari wake, na wa Zaina wamekosea: wanapiga wenyeji. Walianza na viungo. Wakibomoa, vya ndani vinamwagika nje, vitu ambavyo hawajawahi kuviona. Navyo wanavidhania vigeni. Wanajifunza kuvisaka, mwili mzima. Kosa moja linazaa la pili.

Nikauliza nani aliwaonyesha wa kwanza.
"Mara nyingi hatujui, Mzee."
Yeye hajui. Mimi njia nzima niliuwaza mkasi wangu.

Vidonge ni vya kuwatuliza askari. Chumvi marufuku.

Jumatatu, 10
Mgambo wamepita mtaa wa Rusimbi, leo wako mtaani kwetu. Sufuria mkononi. "Ya nani hii?"

Mama mkwe hajui uongo. "Yangu, mwanangu. Lete nioshe."

Kiha chake cha Manyovu, kwa masikio ya kamanda, ni Kirundi kitupu. Wakamshika mkono. Nikapiga kelele: huyu ni Muha, Mtanzania, mama mkwe wangu!

"Fundi, si wewe uliyetuonyesha yule mwenzake? Tuache tufanye kazi."

Wakampakia kwenye lori. Zaina alikuwa mlangoni.

Jumatano, 12
Uso wa Zaina umejaa maji. Mkojo una povu. Daktari kapima: sasa ni figo. Kaongeza dawa. Hakuficha, akasema figo zikikataa, huku hakuna mashine.

Zaina anapokea vidonge mkononi mwangu bila kunitazama. Uji nimetia chumvi kwa mazoea. Nikaumwaga. Mjinga.

Alhamisi, 13
Nimekwenda Kidahwe, malori ya wakimbizi yanaposimama. Nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa aape kwamba mama ni wetu. Mama alikuwa amekaa chini, anamgombeza askari kwa kutofunga vifungo. Ameachiwa, na sufuria yake.

Nikamwambia ofisa kuhusu Bukuru. Kwamba nilimwonyesha kwa wivu wa kola. Nikamwomba amrudishe.

"Lakini ni mkimbizi kweli?"
"Kweli."
"Basi hukukosea, Mzee. Yuko kambini tayari."

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 14
Zaina kakojoa vizuri kidogo. Daktari anasema tungoje.

Mama kapika bila chumvi. Tukala. Kisha akapakua sehemu nyingine kwenye sufuria, akafunika, akanisukumia.

"Mpelekee Bukuru."
"Mama, yuko kambini. Ni mbali."
"Wewe si unajua kumwonyesha alipo."

Zaina kaniambia nivae koti, njiani kuna baridi. Neno lake la kwanza kwangu tangu Jumatatu.

Niko kituoni, nangoja gari la Kasulu, njia ya kambini. Sufuria iko mapajani. Bado ya moto.