Uzito wa Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa zahanati ya ng'ambo katangaza leo. Jumamosi atakwenda na boti yangu, yeye na masanduku yake ya dawa, kisha atarudi na boti ya shemeji yangu. Atakayemfikisha upesi, dawa zikiwa kavu, ndiye atakayembeba mwaka mzima. Kazi hiyo ni yangu tangu zahanati ilipofunguliwa! Ndiyo inayotuweka mjini. Lakini Shemeji kanunua injini mpya, inang'aa kama jino la bandia. Yangu mimi ikiwaka, ndege wa gatini huhama.

Nimekwenda kwa fundi wa injini, yule tunayemwita Kelele. Kaizunguka, kaigonga hapa, kainusa pale, kama mtu anayechagua nanasi. Akasema haina ubaya, imebanwa tu. Atapanua matundu ya mafuta kwenye kabureta, atafunga panga kubwa la chuma la kusukuma maji, atainua injini juu kidogo. Na mimi nipunguze uzito. Uzito ndio adui!

Jumanne, 4 Machi
Nimepunguza. Nanga na mnyororo wake — nje. Benchi la mbele — nje. Tangi la petroli nimelisogeza nyuma, karibu na injini. Kisha nikamtazama Mama Watoto. Yeye hukaa mbele kabisa, kwenye pua ya boti, akikusanya nauli na kugombeza abiria. Nikamwambia kwa upole kwamba Jumamosi apumzike nyumbani. Akauliza, kwani yeye ni nanga? Nikasema hapana, nanga nimeshaitoa.

Leo nimekula peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Imeruka! Nilikuwa peke yangu, nimeshika usukani nyuma, kofia ikaenda zake na sikuifuata. Pua ilikuwa inadunda juu ya maji, pa! pa! pa! kama chura aliyechelewa kazini. Kelele alikuwa gatini akipiga makofi. Nikamuuliza, huku kudunda vipi? Akasema hiyo ni furaha tu, mzee wangu, hata boti ina hisia.

Shemeji alikuwa akifuta injini yake kwa kitambaa laini. Akanipigia kelele, "Shemeji, unakwenda ng'ambo au mawinguni?" Nikamjibu ajiandae kunywa mawimbi yangu.

Nyumbani nikasimulia yote. Mama Watoto akauliza jambo moja tu: sasa huko mbele anakaa nani? Nikamwambia haya ni mambo ya kabureta, hayana mbele wala nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepaka rangi. Sina wasiwasi hata chembe. Mama Watoto anaimba tu jikoni.

Wimbo huo ndio unaonitia wasiwasi.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika humu humu ndani ya boti. Aibu!

Daktari aliingia, akakosa benchi la mbele, akaja kukaa nyuma karibu nami. Masanduku nayo nyuma. Nikavuta mafuta. Injini ikanguruma — pua ikapanda. Ikapanda. Ikagoma kushuka! Panga kubwa likawa linakoroga povu tu, mwendo wa bata mgonjwa, mbele naona anga tupu. Maji yakaanza kuingia kwa nyuma. Daktari akanyanyua sanduku, akalipakata kama mtoto, akauliza kwa heshima zote kama hii ndiyo njia ya mkato.

Nikageuza kurudi gatini. Kelele akakuna kichwa, akasema tatizo dogo: mbele pepesi. Tukamkalisha yeye pale. Pua haikujua hata kama kuna mtu. Fundi mwenyewe mwembamba kama utambi. Nanga ipo stoo nyumbani, na Daktari kasema hasubiri. Tusipoondoka sasa hivi anahamia kwa Shemeji, kwenda na kurudi.

Ndipo akatokea Mama Watoto, kavaa gauni lake la heshima, mkoba begani. Shemeji akawahi: "Dada, karibu kwangu, kwangu kuna viti!" Nami nikamwomba apande kwangu, akae mbele, mahali pake. Akauliza apande kama nani — mke, kondakta au nanga?

Nimemwambia anipe dakika moja, kuna hesabu ya injini naiandika. Hakuna hesabu. Natafuta jibu. Nimeshakata maneno matatu. Kelele ananinong'oneza nimwite nahodha. Si mbaya! Lakini Shemeji kamnyooshea mkono, na Daktari kafunga mwavuli wake, tayari kuhama.

Nimesema, "Kama nahodha, Mama Watoto!" Sasa nasikia mtu anafungua kamba ya boti. Pua iko juu mno, sioni ni boti ipi.